Injini Mpya Katika Gari la Kale: Somo la Hewa, Joto na Kani

Mwishoni mwa mwaka 2018, katika maonyesho ya vipuri vya magari mjini Las Vegas, Marekani, kampuni ya Mopar, ambayo hushughulikia vipuri vya magari ya Dodge, ilionyesha gari aina ya Dodge Charger la mwaka 1968 lililotiwa injini mpya. Ujazo wa silinda za injini hiyo ulikuwa inchi za ujazo 426, yaani lita 7.0, na nguvu yake ilitangazwa kuwa nguvu-farasi 1,000. Jambo la kustaajabisha ni kwamba injini yenye nguvu kuliko zote zilizouzwa pamoja na gari hilo mwaka 1968 nayo ilikuwa na ujazo uo huo wa inchi 426. Lakini nguvu yake ilitangazwa kuwa nguvu-farasi 425 tu.

Silinda ni nane katika injini zote mbili, na ujazo ni ule ule. Je, nguvu iliyozidi mara mbili ilitoka wapi? Na je, gari lililoundwa kwa ajili ya injini ya kwanza laweza kuistahimili ya pili? Swali la kwanza ni la hewa na joto. Swali la pili ni la kani, na ndilo linalogusa maisha ya watu. Makala hii inayajibu yote mawili kwa kutumia fizikia ya shule ya sekondari. Katika makala yote, neno "kani" lina maana ya kile kinachosukuma au kuvuta, nalo hupimwa kwa nyutoni. Neno "nguvu" lina maana ya kiasi cha kazi kinachofanywa kila sekunde, nalo hupimwa kwa wati. Nguvu-farasi moja ni sawa na wati 746.

Magari yenyewe

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kutia injini kubwa za silinda nane katika magari ya kadiri, yaliyokusudiwa matumizi ya kawaida ya jamaa. Pontiac GTO ya mwaka 1964, yenye injini ya lita 6.4, huhesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya jamii hiyo. Wamarekani waliyaita "magari ya misuli". Enzi yake haikudumu. Gharama za bima zilipanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilibana moshi wa magari, na mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao yasiuzwe Marekani. Injini kubwa zikapunguzwa nguvu au zikaachwa kabisa.

Magari yaliyosalia sasa ni vitu vya thamani. Baadhi ya wenye magari hayo hupenda umbo la kale lakini hutaka injini ya kisasa, inayowaka bila taabu asubuhi na kuchoma mafuta kwa utaratibu. Mwaka 2017 Mopar ilitangaza kuwauzia injini kamili ya lita 6.2 yenye nguvu-farasi 707, pamoja na kompyuta na nyaya zake, kwa ajili ya magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1976. Injini hiyo ilikuwa imeanza kutumika katika magari ya Dodge ya modeli ya mwaka 2015. Ndiyo itakayotumika hapa kuwa mfano, kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana vizuri.

Kabla ya kulinganisha tarakimu, mwanafunzi hana budi kuuliza zilipimwaje. Zile nguvu-farasi 425 za mwaka 1968 zilipimwa juu ya meza ya majaribio, injini ikiwa imeondolewa chujio la hewa, feni na bomba la kunyamazisha mlio. Tangu modeli za mwaka 1972 viwanda vya Marekani vilianza kutangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote, kama ilivyo ndani ya gari. Kwa hiyo tofauti ya kweli kati ya injini ya kale na ya sasa ni kubwa kuliko inavyoonekana katika matangazo. Tarakimu mbili zilizopimwa kwa njia mbili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja.

Injini ni pampu ya hewa

Watu wengi hudhani kwamba ili injini itoe nguvu zaidi, yatosha kuipa petroli zaidi. Kumimina petroli si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kupata hewa ya kuichomea. Gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue barabara. Petroli iliyozidi kiasi hicho haipati oksijeni ya kutosha, na sehemu yake hutoka nje ikiwa moshi na masizi. Kwa hiyo nguvu ya injini hupimwa kwanza kwa hewa inayoweza kuimeza.

Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenkishafti. Ikiwa ujazo wa silinda zote ni lita 6.2 na injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika, basi kila dakika inameza:

6.2 × 6,000 ÷ 2 = lita 18,600, yaani lita 310 kila sekunde.

Karibu na usawa wa bahari, lita moja ya hewa ina masi ya gramu 1.2 hivi. Kwa hiyo hewa inayoingia, kama silinda zinajaa kabisa, ni gramu 372 kila sekunde. Hewa hiyo yaweza kuchoma gramu 25.3 za petroli. Kila gramu ya petroli ikiungua hutoa kilojuli 44 hivi za nishati ya joto, na jumla yake ni kilojuli 1,113 kila sekunde, yaani kilowati 1,113. Lakini injini ya petroli haigeuzi joto lote kuwa kazi. Ikikadiriwa kwamba asilimia 30 tu ndiyo inayofika kwenye krenkishafti, nguvu inayopatikana ni kilowati 334, ambazo ni nguvu-farasi 448.

Hesabu hiyo inaonyesha mpaka wa injini inayovuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Ili kuupita mpaka huo, mhandisi ana njia tatu tu. Anaweza kuongeza ujazo wa silinda, kuongeza kasi ya mzunguko, au kuifanya kila lita ya hewa iwe na masi kubwa zaidi kabla haijaingia ndani. Njia ya tatu ndiyo kazi ya supachaja.

Madereva wa Afrika Mashariki wanaijua kanuni hii kwa upande wake wa pili. Mjini Nairobi, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,660 hivi, kanieneo ya angahewa ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Gari lisilo na chombo cha kushindilia hewa linalopanda kutoka pwani hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu yake, ingawa hakuna kilichoharibika. Hewa tu imekuwa nyepesi.

Supachaja hufanyaje kazi?

Asili ya chombo hiki haikuwa magari. Mwaka 1860 ndugu wawili, Philander na Francis Roots wa mji wa Connersville, jimbo la Indiana, walipata hataza ya mashine ya kusukuma hewa kwa mapande mawili yanayozunguka yakiwa yamekaribiana. Mashine za namna hiyo zilitumika kupuliza hewa katika matanuri ya kuyeyushia chuma. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa Sweden, Alf Lysholm, aliendeleza aina nyingine yenye skrubu mbili zinazoumana. Hewa hunaswa kati ya miteremko ya skrubu hizo, nayo hubanwa kidogo kidogo kadiri inavyosukumwa kuelekea upande wa pili. Supachaja ya injini ya mfano wetu ni ya aina hii ya skrubu.

Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkishafti. Hapo ndipo inapotofautiana na tabo, ambayo huzungushwa na moshi unaotoka katika injini. Kila skrubu zinapozunguka mara moja, supachaja hiyo husukuma lita 2.38 za hewa, na puli zake zimepangwa ili izunguke mara 2.36 kwa kila mzunguko mmoja wa krenkishafti. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, supachaja huzunguka mara 14,160, na hewa inayosukumwa ni:

14,160 × 2.38 = lita 33,700 hivi kila dakika.

Lakini ilikwisha kuonekana kwamba injini yaweza kumeza lita 18,600 tu. Hewa ya lita 33,700 ikilazimishwa kuingia mahali pa lita 18,600 haina budi kubanwa. Uwiano wa tarakimu hizo mbili ni 1.8. Watengenezaji wa injini hiyo wanasema kanieneo ya juu kabisa inayoongezwa na supachaja ni kilopaskali 80. Zikijumlishwa na kilopaskali 100 za angahewa, jumla ni 180, yaani mara 1.8 ya angahewa. Ukubaliano huo haupaswi kumdanganya mwanafunzi adhani hesabu imekamilika, kwani hewa fulani huvuja kati ya skrubu, na hewa iliyobanwa hupata joto na kutanuka. Makosa hayo mawili huelekea pande mbili zinazopingana na karibu yafutane. Hata hivyo joto halifutiki kirahisi, nalo lastahili sehemu yake.

Bei ya kubana hewa

Kila mtu aliyewahi kujaza upepo katika tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Kazi inayofanywa na mkono huingia ndani ya hewa na kuwa joto. Katika supachaja jambo ni lile lile, ila kwa kadiri kubwa zaidi.

Hewa yenye halijoto ya 27°C, yaani kelvini 300, ikibanwa hadi mara 1.8 ya kanieneo yake bila kupoteza joto, hufikia 82°C. Hiyo ni kwa mashine kamilifu. Kwa mashine halisi yenye ufanisi wa asilimia 70, ongezeko la joto ni digrii 78, na hewa hutoka ikiwa na 105°C, yaani kelvini 378. Hewa ya moto imetanuka, na densiti yake si mara 1.8 ya ile ya awali, bali ni:

1.8 × 300 ÷ 378 = mara 1.43 tu.

Faida karibu nusu imepotea. Ndiyo maana chini ya supachaja, au kando yake, huwekwa kipoza hewa. Hiki ni kama rejeta ndogo ambamo maji hupita na kuchukua joto la hewa kabla haijaingia katika silinda. Ikiwa kipoza hewa kinaishusha halijoto hadi 57°C, yaani kelvini 330, densiti huwa mara 1.64. Tofauti kati ya 1.43 na 1.64 ni zawadi ya maji yanayozunguka.

Kuna sababu ya pili ya kuogopa joto, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Ndani ya silinda, mwali unapaswa kuanzia kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa moto mno na umebanwa mno, sehemu ambayo mwali haujaifikia huripuka yenyewe. Mafundi husema injini inagonga. Mapigo hayo yaweza kutoboa pistoni katika muda mfupi. Kwa hiyo injini yenye supachaja hupewa uwiano mdogo zaidi wa mgandamizo. Injini ya kale ya inchi 426 ilikuwa na uwiano wa 10.25 kwa 1, na hii ya lita 6.2 ina 9.5 kwa 1. Hudai pia petroli ya okteni ya juu, na huwa na kihisio kinachosikiliza mgongano na kuiarifu kompyuta icheleweshe cheche.

Tena supachaja haitoi msaada bure. Hewa iliyozidishwa mara 1.64 ni gramu 610 hivi kila sekunde. Kupandisha halijoto ya kilogramu moja ya hewa kwa digrii moja huhitaji kilojuli 1.0 hivi. Kwa hiyo kazi ya kuibana ni:

0.61 × 1.0 × 78 = kilowati 48 hivi.

Ukiongezwa msuguano wa beringi, gia na mkanda, supachaja hiyo inapokuwa katika kilele chake hula karibu kilowati 60, ambazo zingetosha kuendesha gari dogo zima. Basi makadirio yetu ya nguvu ya injini ni 334 × 1.64, kutoa 60, sawa na kilowati 488. Nguvu iliyotangazwa ni kilowati 527. Makadirio yamepungua kwa asilimia 7 hivi, kwa sababu msuguano wa pistoni na beringi hauongezeki kwa kadiri hewa inavyoongezeka, na kwa hiyo ile asilimia 30 ni ndogo kidogo kwa injini ya namna hii. Kwa hesabu iliyofanywa kwa karatasi na kalamu, huo si upungufu wa kuaibisha.

Swali la kwanza limejibiwa. Nguvu ilitoka katika hewa iliyoshindiliwa na kupozwa.

Safari ya nguvu hadi barabarani

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Nguvu ya injini husafiri kama mvuto katika kamba. Hutoka katika krenkishafti, ikapita klachi, giaboksi, shafti ndefu, difu, ekseli na tairi, ndipo ikafika barabarani. Anayebadilisha injini ameivuta kamba kwa nguvu zaidi upande mmoja. Kila kilicho mbele yake sharti kiulizwe upya kama kinaweza.

Injini ya lita 6.2 hutoa momenti, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu, ya nyutoni-mita 881. Ichukuliwe gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.7 na difu yenye uwiano wa 3.5. Msuguano ukiachwa kando, momenti kwenye ekseli ya nyuma ni:

881 × 2.7 × 3.5 = nyutoni-mita 8,325.

Ikiwa nusukipenyo cha tairi ni mita 0.33, kani ya kusukuma barabara ni nyutoni 25,200.

Je, tairi laweza kuishika barabara kwa kani hiyo? Gari la kilogramu 1,700 lina uzito wa nyutoni 16,660. Linapoondoka kwa kasi uzito hulemea nyuma, na tairi za nyuma hubeba kama asilimia 60, yaani nyutoni 10,000. Kizigeu cha msuguano kati ya mpira na lami kavu kikiwa 0.9, kani kubwa kabisa kabla ya kuteleza ni nyutoni 9,000. Injini inatoa karibu mara tatu ya kiasi hicho. Hapo tairi huzunguka mahali pamoja na kufuka moshi, na nguvu yote iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inaunguza mpira.

Zaidi ya hayo, katika gia ya tatu yenye uwiano wa 1.4, gari likikimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa, kani ni nyutoni 13,000, nayo bado inazidi mshiko wa tairi. Barabara ikilowa mvua kizigeu hushuka hadi 0.5 hivi, na mshiko wote wa tairi za nyuma ni nyutoni 5,000. Dereva akikanyaga pedeli ghafla katika mwendo huo, tairi za nyuma hupoteza mshiko na gari laweza kugeuka ubavu kabla hajatambua kilichotokea. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopunguza nguvu mara tairi linapoanza kuteleza. Gari la mwaka 1968 halina, isipokuwa mwenye kulibadilisha ametia chombo hicho pamoja na injini.

Kuna fundisho la kina hapa. Tairi linaloteleza ni kama fyuzi katika umeme, maana huzuia kani isipite kiwango fulani na hivyo huzilinda shafti na ekseli. Mtu akiona tairi zinateleza akanunua tairi pana zenye mshiko mkubwa, ameondoa fyuzi. Kani iliyokuwa ikipotea katika moshi sasa inapita katika ekseli, na ekseli ya kale yaweza kukatika. Akitia ekseli nene, udhaifu unahamia kwenye shafti. Akiimarisha shafti, mwili wa gari wenyewe, ulioungwa kwa mabati yenye umri wa zaidi ya miaka 50 na pengine kutu ndani yake, huanza kujisokota. Kuimarisha kiungo kimoja hakuondoi udhaifu. Huuhamisha.

Swali la kusimama

Sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote. Gari linalokwenda lina nishati ya mwendo, ambayo ni nusu ya masi ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Ili gari lisimame, nishati hiyo yote sharti igeuzwe kuwa joto katika breki. Kwa gari la kilogramu 1,700:

Kilomita 100 kwa saa: kilojuli 656.
Kilomita 160 kwa saa: kilojuli 1,680.
Kilomita 200 kwa saa: kilojuli 2,620.

Kasi imezidishwa mara mbili, nishati imezidishwa mara nne. Dodge Charger ya mwaka 1968 ilitoka kiwandani kwa kawaida ikiwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuwa nyongeza ya kulipia. Tuseme chuma cha breki zote nne kina masi ya kilogramu 40, na kila kilogramu huhitaji kilojuli 0.45 ili ipate joto kwa digrii moja. Kusimama mara moja kutoka kilomita 100 kwa saa kutaongeza halijoto kwa digrii 36. Kusimama kutoka kilomita 200 kutaongeza digrii 146. Kukirudiwa mara mbili au tatu pasipo nafasi ya kupoa, bitana za breki hupoteza msuguano. Tena dramu ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vilivyo ndani yake. Dereva hukanyaga na pedeli huzama, lakini gari haliitiki. Diski hubanwa kutoka pande mbili na iko wazi kwa upepo, na hivyo hupoa upesi na haina kasoro hiyo ya kutanuka.

Itaonekana sasa injini mpya imefanya nini. Kutoka kilomita 100 hadi 160 kwa saa gari huhitaji kupata kilojuli 1,024. Magurudumu yakipokea wastani wa kilowati 200, kazi hiyo huchukua sekunde 5. Yakipokea kilowati 400, huchukua sekunde mbili na nusu. Katika muda wa kuvuta pumzi moja, mzigo wa breki umezidi mara mbili na nusu, na breki ni zile zile. Injini haikubadilisha gari tu, imebadilisha pia muda alio nao dereva wa kufikiri. Ndiyo maana fundi mwangalifu huanza kazi kwa breki, tairi na usukani, na injini huitia mwisho. Lile gari la Las Vegas nalo halikupewa injini peke yake. Lilipewa pia giaboksi na breki za kisasa.

Mafuta, maji na umeme

Mambo yaliyosalia ni ya kawaida zaidi, ila hayana budi kutimizwa. Gari la kale lilikuwa na kabureta na pampu ya mafuta iliyosukumwa na injini, yenye kanieneo isiyofika hata nusu ya angahewa. Injini ya kisasa hunyunyiza petroli kwa sindano, nayo huhitaji pampu ya umeme yenye kanieneo ya mara nne hivi ya angahewa. Gramu 610 za hewa kila sekunde hudai gramu 41 za petroli, ambazo ni mililita 55. Chupa ya soda ya mililita 300 ingekwisha katika muda wa sekunde tano na nusu. Mabomba ya kale hayakuundwa kwa mtiririko huo.

Rejeta pia sharti iwe kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto lisilogeuka kazi huingia katika maji ya kupozea. Hata hivyo gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare huhitaji kilowati 20 hivi tu. Nguvu kamili hutumika kwa sekunde chache mara chache. Mwishowe kuna kompyuta, ambayo haiwezi kuendesha injini bila vihisio vya kanieneo, halijoto, oksijeni na mzunguko. Waya mmoja wa ardhi uliolegea watosha kuizima injini ya nguvu-farasi 707.

Jaribio la darasani

Vifaa: pampu ya baiskeli ya chuma, kipimajoto, uzi, kitambaa na maji.

1. Funga kipimajoto kwenye sehemu ya chini ya pampu kwa uzi. Andika halijoto.
2. Acha tundu la pampu wazi, kisha piga mara 30. Andika halijoto. Joto hili limetokana na msuguano wa ngozi ya pampu peke yake.
3. Ngoja pampu ipoe. Ziba tundu kwa kidole, upige mara 30 kwa mwendo ule ule, ukiachia hewa kidogo kila mara. Andika halijoto.
4. Rudia hatua ya 3 ukiwa umezungushia pampu kitambaa kilicholowa maji.

Tofauti kati ya hatua ya 2 na ya 3 ni joto la kubana hewa. Hatua ya 4 inaonyesha kazi ya kipoza hewa. Mwalimu awaulize wanafunzi kwa nini hatua ya 2 ni ya lazima.

Maswali

1. Injini ya lita 2.0 inazunguka mara 4,500 kwa dakika. Inameza lita ngapi za hewa kila sekunde?
2. Hewa ya kelvini 300 imebanwa hadi mara 1.5 ya kanieneo yake, halijoto ikafika kelvini 350. Densiti yake imezidi mara ngapi?
3. Basi la kilogramu 12,000 linakwenda kilomita 72 kwa saa. Breki zake zitapokea joto kiasi gani hadi lisimame?
4. Gereji imetia injini ya nguvu zaidi katika Land Rover ya zamani. Orodhesha viungo vyote kutoka injini hadi barabara, na ueleze ni kipi ungekikagua kwanza, na kwa nini.

Majibu ya hesabu: (1) lita 75, (2) mara 1.29, (3) kilojuli 2,400.

Hitimisho

Swali la nne halina jibu moja, nalo limewekwa kwa makusudi. Kubadilisha injini si jambo la Marekani peke yake. Hufanyika katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, mara nyingi kwa haja ya kuliokoa gari na si kwa anasa. Kanuni hazibagui. Nguvu mpya iliyotiwa mahali pamoja hupita katika kila kiungo kinachofuata, na kila kiungo hudai haki yake. Anayejua kukokotoa ataona pabovu penye kamba akiwa bado yumo gerejini, karatasi mkononi. Asiyejua ataonyeshwa na barabara.